Michezo Inayojikokota kwenye PSP: Kutafuta Chanzo kati ya Vichakataji Viwili

Kila shule zinapofungwa, meza yangu ya ufundi hapa Langoni, Lamu, hujaa PSP, zile konsoli za mkononi za Sony, kuliko simu. Nyingi zimepita mikono mitatu au minne kabla ya kuvushwa kutoka Mokowe, na vijana wanaozileta hawana haja na michezo ya PSP yenyewe. Wanataka kuchezea humo michezo ya konsoli za zamani, hasa Super Nintendo na Game Boy Advance, kwa kutumia emuleta, yaani programu inayoiga mashine nyingine. Malalamiko ni yale yale. "Ami, mashine imechoka," aliniambia kijana mmoja wa Mkomani mwezi wa Agosti. "Kila kitu nimekiweka juu kabisa na bado inajikokota." Nikamjibu, haijachoka, mwanangu, humo ndani kuna mmoja anayemsubiri mwenzake, nasi bado hatujajua ni nani anamsubiri nani.

PSP ilianza kuuzwa Japani Desemba 2004 ikiwa na vichakataji viwili vya ukoo wa MIPS R4000, na kila kimoja kinaweza kufikia megahezi 333. Cha kwanza ndicho kinachoendesha programu zote. Cha pili, ambacho Sony ilikiita Media Engine, kiliwekwa kwa ajili ya kufungua sauti na video zilizobanwa, na emuleta inapofanya kazi hukaa bure, isipokuwa aliyeiandika emuleta hiyo awe amekipa kazi mahususi. Watu wengi wakisikia vichakataji viwili hudhani kwamba kasi nayo itakuwa maradufu. Haiwi hivyo. Katika jahazi, nahodha hushika usukani na baharia hukaa ngamani akifua maji. Huyo wa ngamani hawezi kuliongezea jahazi upepo. Anachofanya ni kumpunguzia nahodha kazi ambayo ingemlazimu kuuacha usukani. Na ikiwa nahodha atashuka kila mara kuuliza maji yamebaki kiasi gani, basi ni afadhali angeyafua mwenyewe.

Hesabu kidogo itasaidia kuona jinsi nafasi ilivyo finyu. PSP ikienda kwa kasi yake ya kawaida ya megahezi 222, kila fremu, yaani picha moja kati ya 60 zinazochorwa kwa sekunde, hupata mizunguko (hatua ndogo za kazi za kichakataji) milioni 3.7, ikipandishwa hadi 333, hupata milioni 5.55. Kichakataji cha Super Nintendo kilikwenda megahezi 3.58 kwa juu kabisa, yaani takriban mizunguko 59,700 kwa fremu. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa konsoli ya zamani una mizunguko 62 ya PSP ya kuuiga, au 93 ukipandisha kasi. Inaonekana ni mingi, mpaka ukumbuke kwamba katika mizunguko hiyo hiyo lazima picha ichorwe, na sauti ya njia nane itengenezwe kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 32,000 kila sekunde, kazi ambayo katika Super Nintendo ilikuwa na kichakataji chake peke yake.

Kipimo cha kwanza kabla ya kugusa chochote

Washa kihesabu cha fremu kwenye mipangilio ya emuleta, kisha zima uruki wa fremu wa kujiendesha. Hili la pili watu hulisahau, nalo ndilo linaloharibu vipimo vyote, kwa sababu emuleta inayoruka fremu hudumisha mwendo wa mchezo kwa kuacha kuchora, na wewe ukadhani mpangilio ulioubadilisha umeleta nafuu ilhali umeleta hasara iliyofichwa. Hakikisha pia kwamba kasi ya kichakataji imewekwa 333 ndani ya emuleta yenyewe. Emuleta nyingi hupanga kasi zinapoanza, kwa hiyo ulichokichagua kwenye menyu ya mfumo hufutwa kimyakimya.

Halafu chagua mahali pamoja katika mchezo, pale unapojikokota zaidi, uhifadhi hali hapo, ili kila jaribio lianzie mahali hapo hapo. Andika idadi ya fremu. Zima sauti kabisa, si kuipunguza kwa kitufe bali kuizima kwenye mipangilio, uandike tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha njia ya kufuata, na mimi siendelei na mashine yoyote kabla ya kuipata.

Sauti ikizimwa, kasi inapanda sana

Hapa mzigo ni sauti, na hapa ndipo kichakataji cha pili kinapofaa. Katika emuleta za Super Nintendo kama Snes9xTYL, Media Engine hutwikwa kazi ya kutengeneza sauti ili kichakataji kikuu kibaki na mchezo na picha. Ukiuwasha mpangilio huo na kasi isibadilike hata kidogo, shuku kwanza kwamba kichakataji hicho hakijaamka. Programu ya kawaida hairuhusiwi kukigusa. Inahitaji ruhusa za ndani kabisa za mfumo, na ruhusa hizo hupatikana tu kwenye mashine iliyowekewa mfumo uliorekebishwa, tena kwa toleo la emuleta linalolingana na mfumo huo. Nimepokea mashine kadhaa ambazo toleo la emuleta lilitengenezwa kwa mfumo wa zamani mno: mpangilio wa Media Engine uliwaka kwenye menyu, lakini kazi yote ilikuwa bado juu ya kichakataji cha kwanza.

Ikiwa kweli kimeamka na bado nafuu ni ndogo, punguza kiwango cha sampuli. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde emuleta hutengeneza sampuli 735 kwa kila fremu. Kwa 22,050 inatengeneza nusu yake. Kupitia spika ndogo za PSP, na kelele za barabara ya Langoni zikiwa nje ya mlango, ni wachache watakaoitambua tofauti. Sishauri kushuka hadi 11,025, kwa sababu hapo hata ngoma za muziki wa mchezo hupoteza makali yake na mtu huanza kuchoka masikio bila kujua sababu.

Mchezo unaganda mara tu kichakataji cha pili kinapowashwa

Dalili hii huwatisha watu zaidi kuliko zote. Mchezo ambao ulikuwa ukienda, ingawa polepole, sasa unabaki kwenye skrini nyeusi, au unaganda kila unapoingia uwanja mpya. Wengi hudhani faili limeharibika. Chanzo chake ni jinsi Super Nintendo yenyewe ilivyojengwa, na inafaa kukielewa vizuri.

Katika konsoli hiyo, kichakataji kikuu na kichakataji cha sauti vilizungumza kupitia vidirisha vinne tu, kila kimoja cha baiti moja. Mchezo ukitaka kupakia muziki mpya, kichakataji kikuu huandika thamani kwenye kidirisha, kisha hukaa kikisoma tena na tena mpaka kichakataji cha sauti kijibu kwa thamani inayotarajiwa. Ndipo hupeleka baiti inayofuata, nacho husubiri tena. Ni mazungumzo ya hatua kwa hatua, na mchezo uliandikwa kwa kutegemea kwamba pande zote mbili zinakwenda kwa mwendo unaojulikana. Emuleta inapoendesha pande zote mbili kwenye kichakataji kimoja, ni rahisi kuzipa zamu kwa mpangilio sahihi. Lakini upande wa sauti ukihamishiwa kwenye Media Engine, pande hizo hukimbia kila moja kwa wakati wake. Jibu linaweza kuchelewa, au likafika na kufunikwa na jingine kabla ya kusomwa, na mchezo ukabaki ukisubiri neno ambalo limekwisha kupita.

Dawa ni kuchagua mpangilio wa ulandanishi ulio mkali zaidi, ambao hulazimisha vichakataji vyote viwili visubiriane mara kwa mara. Tazama sasa bei yake: kila kusubiriana ni mizunguko iliyopotea, na ndiyo nahodha anayeshuka ngamani. Kwa baadhi ya michezo bei hiyo hula faida yote. Kwa hiyo usitafute mpangilio mmoja wa michezo yote. Michezo inayopakia muziki mwanzoni mwa uwanja na kisha kuacha hufanya vizuri sana na ulandanishi uliolegea. Michezo inayoulizana na kichakataji cha sauti kila wakati ni bora iachwe kwenye kichakataji kimoja, sauti ikiwa imepunguzwa sampuli. Emuleta ikiruhusu kuhifadhi mipangilio ya kila mchezo peke yake, ihifadhi. Mimi huandika pia kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kasha la mashine, kwa kuwa kadi ya kumbukumbu hufutwa lakini karatasi hubaki.

Fremu zimetimia 60 lakini sauti inakwaruza

Kwa mchezaji, sababu ya kawaida ni akiba ya sauti iliyo ndogo mno: sampuli zilizotengenezwa zinaisha kabla ya nyingine kufika. Ongeza ukubwa wa akiba. Sauti itachelewa kidogo nyuma ya picha, na ukiiongeza kupita kiasi utabonyeza kitufe cha kuruka na kusikia mruko baadaye, kwa hiyo panda hatua moja moja.

Kwa wale wanaojaribu kuandika au kurekebisha emuleta wenyewe, na nafurahi kwamba hapa kisiwani wapo sasa wawili ninaowajua, kuna sababu nyingine ambayo imewagharimu watu wengi usiku mzima. Kila kichakataji cha PSP kina kashe yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, na kashe hizo hazijulishani. Kichakataji kikuu kikiandika kitu, maandishi yanaweza kubaki ndani ya kashe yake kwa muda, na Media Engine ikisoma anwani ile ile kwenye kumbukumbu itapata thamani ya zamani. Ni lazima kuisukuma data iende kwenye kumbukumbu kabla ya mwenzake kuisoma, na mwenzake naye aitupe nakala aliyokuwa nayo. La hatari zaidi ni kwamba kashe hushughulika na mistari ya baiti 64, si na baiti moja moja. Ukiweka kigeu kimoja kinachoandikwa na kichakataji cha kwanza karibu na kingine kinachoandikwa na cha pili, ndani ya mstari mmoja wa baiti 64, basi kila mmoja anaporudisha mstari wake hufuta kazi ya mwenzake. Matokeo yake ni makosa yanayotokea mara moja kwa dakika kumi, ambayo hayarudiki unapoyatafuta. Tenganisha vigeu hivyo, kila kimoja kianze kwenye mpaka wa baiti 64, na vile vidogo vya kupeana ishara visomwe kupitia anwani zisizopita kwenye kashe. Usiipe Media Engine hesabu zinazotegemea kitengo cha vekta pia, kwa sababu kitengo hicho kiko kwenye kichakataji kikuu pekee. Wala usitarajie iite huduma za mfumo wa uendeshaji kama kufungua faili, maana haiufikii.

Sauti ikizimwa, hakuna kinachobadilika

Basi sauti haina hatia, na kuendelea kuchezea mipangilio ya kichakataji cha pili ni kupoteza mafuta ya taa. Tazama picha.

Kwanza angalia namba yenyewe. Ikiwa ni 30 kamili, isiyotikisika, karibu kila mara chanzo ni kusubiri mzunguko wa skrini. Fremu moja ina milisekunde 16.67. Emuleta ikichukua 17, yaani imechelewa kidogo sana, na imeamriwa kubadilisha picha pale tu skrini inapoanza mzunguko mpya, itaukosa mzunguko ule na kungoja ujao, na kwa hiyo kuchelewa kwa theluthi moja ya milisekunde kunageuka kuwa nusu ya kasi. Hii ndiyo iliyokuwa shida ya kijana wa Mkomani. Alikuwa amewasha usubiri huo kwa sababu jina lake kwenye menyu lilisikika kama jambo la kuongeza ubora. Tulipouzima, mashine ikapanda mara moja ikakaribia 60, na mstari mwembamba wa kukatika kwa picha uliotokea katikati ya skrini hakuuona hadi nilipomwonyesha.

Ikiwa namba inacheza kati ya 35 na 50, na inashuka zaidi kwenye ukungu, maji au mwanga unaopenya, basi mzigo ni uchoraji wa tabaka zinazoonyesha kilicho nyuma yake. Chagua uchoraji unaotumia kichakataji cha picha cha PSP, ambacho ni tofauti na vile viwili, badala ya ule wa programu tupu. Utapoteza usahihi: mara nyingine kivuli kitakuwa cheusi tii, au wingu litafunika kilicho nyuma yake. Kwa mchezo wa mbio au wa mapigano, hiyo ni hasara ninayoikubali bila kusita. Kwa mchezo wa kutafuta njia ndani ya pango lenye giza haifai, kwa kuwa kile usichokiona ndicho ulichopaswa kukitafuta.

Kuikuza picha ya 256 kwa 224 ijaze skrini ya 480 kwa 272 si mzigo iwapo kichakataji cha picha ndicho kinachoikuza. Ni mzigo mkubwa ukichagua vichujio vya kulainisha pembe vinavyohesabiwa na kichakataji kikuu. Vizime.

Kihesabu kinasema 50 na hakipandi

Angalia asili ya nakala ya mchezo. Michezo iliyotolewa kwa ajili ya Ulaya ilitengenezwa kwa televisheni za fremu 50 kwa sekunde, na hivyo 50 ndiyo kasi yake kamili. Hakuna cha kutengeneza. Ukitaka 60, tumia toleo la Marekani au la Japani la mchezo unaoumiliki.

Mwendo ni mzuri, kisha unakwama ghafla

Hili hutokea zaidi kwenye michezo ya Game Boy Advance. Mchezo wa konsoli hiyo unaweza kufikia megabaiti 32, wakati PSP ya kwanza, ile nene, ina megabaiti 32 za kumbukumbu kwa jumla na 24 tu ndizo zinazopewa programu. Emuleta ya gpSP hulimaliza tatizo hilo kwa kusoma vipande vya mchezo kutoka kwenye kadi kila vinapohitajika. Kadi ikiwa inasoma polepole, kila mlango unaofungua ndani ya mchezo ni kikwazo cha nusu sekunde. PSP za baadaye, kuanzia ile nyembamba, zina megabaiti 64, na tofauti yake huonekana waziwazi ikiwa emuleta imeandikwa kuzitumia.

Kwa hiyo jaribu kadi nyingine kabla ya kugusa mpangilio wowote. Kadi za bandia zimejaa, na adapta za kuingizia kadi ya simu hutofautiana sana. Niliwahi kuuziwa mjini Mombasa kadi iliyoandikwa gigabaiti 16 ambayo haikuwa na hata nne, na faili zilizopita kiwango hicho zilisomeka kwa shida kisha zikapotea. Halafu kuna chumvi yetu. Hewa ya bahari hapa Lamu, na zaidi kwa wanaokaa Shela karibu na mchanga, huacha ukungu mwembamba kwenye miguu ya shaba ya kadi. Mashine husoma, hukosea, husoma tena, na mchezaji huona mchezo umekwama. Ichomoe kadi, isugue taratibu kwa kifutio safi cha penseli, ipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, iache ikauke. Mara nyingi kazi huishia hapo, na kwa kazi hiyo huwa sitozi fedha.

Mkwamo unaotokea kila baada ya kuokota kitu au kupita kituo, kwa upande wake, huwa ni emuleta inayohifadhi maendeleo kwenye kadi. Ondoa uhifadhi wa kujiendesha, uhifadhi mwenyewe unapoacha kucheza.

Yasiyotibika kwa mipangilio

Star Fox ya mwaka 1993 ilikuja na kichakataji cha ziada ndani ya kaseti yake, kilichoitwa Super FX, chenye takriban megahezi 10.7. Emuleta hulazimika kuiga vichakataji vitatu badala ya viwili, na hicho cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Kukihamishia kwenye Media Engine kungetaka emuleta iandikwe upya, kwa sababu kinasoma na kuandika kumbukumbu ile ile ambayo kichakataji kikuu kinaitumia, na yale mambo ya kashe niliyoyaeleza yangerudi kwa wingi zaidi. Ruka fremu mbili au tatu, au uicheze kwenye kompyuta.

Kuhusu betri, kwenda kwa 333 huimaliza haraka. Betri ya PSP ya kwanza ni ya mAh 1,800 na ya zile nyembamba ni 1,200, zikiwa mpya. Iliyokaa miaka kumi dukani haina hata nusu ya hizo. Ikiwa mashine inazimika ghafla mara tu unapopandisha kasi, badilisha betri kabla ya kulaumu emuleta, na ikiwa kifuniko cha nyuma kimeanza kuinuka, itoe betri siku hiyo hiyo, kwani imevimba. Na ikiwa mchezo unaganda kila unapoiamsha mashine kutoka usingizini, kumbuka kwamba Media Engine nayo ilizimwa ilipolala. Emuleta isiyojua kuiwasha upya itasubiri sauti isiyokuja. Hifadhi hali, toka kabisa, ndipo uzime.

Kijana wa Mkomani aliondoka na mashine yake ikiwa kwenye 333, sampuli 22,050, sauti juu ya kichakataji cha pili kwa michezo saba kati ya tisa aliyokuwa nayo, na karatasi ya mipangilio ndani ya kasha. Miwili iliyobaki ilikuwa ikiganda kwa kila ulandanishi tuliojaribu, tukairudisha kwenye kichakataji kimoja na kuruka fremu moja.